Muuzaji Anayekukataza Kununua

Jumapili moja katika soko la Kibuye, Kisumu, nilikuwa nimeshainua ngege wawili kutoka kwenye meza ya mama ninayenunua kwake samaki. Akanishika mkono. "Hao leo usichukue, nyar Nakuru," akasema. "Wamelala. Chukua kipande cha mbuta, ama urudi Jumanne."

Ngege hao alikuwa amewanunua kwa pesa zake mwenyewe. Jua lilikuwa limepanda, na samaki hana kesho nyingi: kila saa inayopita bei inashuka. Mimi nilikuwa na noti mkononi, na nisingejua tofauti. Nilikulia Nakuru, ambako ziwa letu ni la magadi na heroe, na mpaka leo nikiinua tamvua la samaki sijui vizuri ninachotazama. Angeniuzia, ningelipa, na ningeondoka nikimshukuru. Nataka kueleza kwa nini hakuniuzia.

Jibu la haraka ni kwamba ana roho nzuri. Ni kweli anayo. Lakini roho nzuri pekee haielezi kwa nini wauzaji wengi wa aina yake, wapole kwa wakali, hufanya hivyo hivyo. Wala haielezi kwa nini mtu yule yule akiajiriwa katika duka kubwa na kuvalishwa fulana ya kampuni huacha kufanya. Kuna kitu katika umbo la biashara ndogo lenyewe kinachoizaa tabia hii, na tukitaka kukiona inabidi kwanza tukitenganishe na adabu.

Mwaka mmoja nilinunua pasi ya umeme katika duka kubwa mjini. Ilikufa siku ya sita. Niliirudisha siku ya nane nikiwa na risiti. Kijana wa kaunta alinipokea vizuri kabisa: alisimama, akaniita mama, akapiga simu mara mbili, akaomba radhi. Kisha akaniambia mfumo umekataa, kwa sababu siku za kurudisha bidhaa ni saba. Sikumkasirikia. Alitaka kunisaidia na uso wake ulionyesha. Hakuwa na ruhusa tu.

Nikaipeleka pasi ile kwa fundi wa vyombo vya umeme Kondele. Aliifungua mbele yangu, akanionyesha mahali waya ulipoachia, akauunga. Nilipouliza ni pesa ngapi akajibu, "Hii kazi ya dakika mbili nitakulipisha aje? Utaniletea kubwa siku nyingine." Hakuniita mama wala hakusimama. Tangu siku hiyo redio, birika na feni ya nyumbani kwangu zote zimepita mikononi mwake.

Kijana alikuwa na adabu zote. Fundi alikuwa na mamlaka: ni yeye anayepanga bei, ni yeye anayeamua leo asamehe na kesho adai, na akikosea hasara inaingia mfukoni mwake. Tunapozungumzia huduma ya mtu kwa mtu, mara nyingi tunasifu tabasamu, na tabasamu linafundishika kwa semina ya siku mbili. Kinachomfaa mteja zaidi ni kukutana na mtu anayeweza kuamua papo hapo, anayemjua anayemwamulia, na atakayemwona tena.

Mnunuzi gizani

Tuanze na huko kumjua, maana ndiko kunakochukuliwa kirahisi zaidi.

Clifford Geertz, mwanaanthropolojia wa Marekani, alichunguza soko la mji wa Sefrou nchini Morocco, na mwaka 1978 akaeleza kwamba kitu adimu kuliko vyote katika soko la namna hiyo ni habari. Mnunuzi hajui ubora wa anachoshika. Hajui bei ya haki ya siku hiyo. Hajui mzigo ulitoka wapi. Angeweza kuzunguka meza zote akiuliza, lakini jua lingezama kabla hajapata jibu la kuaminika. Kwa hiyo watu humchagua muuzaji mmoja na kumrudia, wiki baada ya wiki. Wataendelea kuvutana bei kama kawaida, ila sasa wanavutana wakijuana, na sehemu kubwa ya kutafuta inakuwa imekwisha.

Kwetu kuna neno linalobeba wazo hilo lote: kastoma. Tega sikio Kibuye, au Soko la Jubilee, au kwa wauza mitumba. Muuzaji anamwita mnunuzi "kastoma wangu", na mnunuzi naye anamwita muuzaji "kastoma wangu". Neno lilikuja likiwa la upande mmoja, nasi tukaligeuza likawa la pande mbili, kama vile "shemeji" au "jirani". Linataja uhusiano, na kila mmoja anadaiwa kitu ndani yake.

Ukiliona hivyo, hesabu ya mama samaki inaonekana. Tuseme nanunua kwake samaki wa shilingi 600 kila wiki. Kwa mwaka ni zaidi ya shilingi 31,000. Ngege waliolala wangempa 600 mara moja, kisha jioni nyumba yangu ingenuka, na wiki inayofuata ningepita meza yake nikiangalia upande mwingine. Anajua pia kwamba mimi ndiye mteja rahisi kudanganya pale sokoni, na kwa sababu hiyo hiyo ndiye mteja atakayeshikamana na mtu asiyemdanganya. Ujinga wangu wa samaki ni mtaji wake, maadamu hautumii vibaya.

Luanda, siku ya soko

Lakini samaki ni mlo mmoja. Ukitaka kuona kujuana huku kukifanya kazi nzito, toka Kisumu kwa barabara ya Busia, pita Maseno ambako ikweta inakatiza, ushuke Luanda siku ya soko na uingie katika mojawapo ya agroveti zake, yaani maduka ya pembejeo na dawa za mifugo. Nimekaa humo asubuhi nzima nikimsubiri jamaa yangu, na nilijifunza mengi kuliko nilivyotarajia.

Aliingia mama mmoja akitaka mbegu ya mahindi H614. Kaka yake analima Kitale, alisema, na anavuna magunia hayo ya ajabu. Pakiti zilikuwa pale rafuni. Mwenye duka hakuinuka. Aliuliza, "Shamba liko wapi, mama?" Liko Seme, chini kuelekea ziwani. "Kayongo imeingia?" Imeingia. Akamwambia kwamba mbegu ile ni ya nyanda za juu na hukaa shambani nusu mwaka au zaidi. Kitale iko juu, mita 1,900 hivi kutoka usawa wa bahari, nayo mvua yake ni ndefu. Kando ya ziwa ni mita 1,100 na kidogo, joto ni jingine na mvua hukatika mapema. Akampa mbegu ya muda mfupi, na wakaongea kwa kirefu juu ya kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi kutoka mizizini, na jinsi ya kuling'oa kabla halijatoa mbegu.

Pakiti ile ya H614 haikuwa bandia. Ilikuwa na kibandiko cha kukwangua cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu na mimea, unachotumia nambari yake kwa ujumbe mfupi kuhakikisha mbegu ni halali. Kila kanuni ya serikali ilikuwa imetimizwa. Kibandiko kinakuhakikishia kwamba mbegu ni halali, lakini hakiwezi kujua shamba lako liko wapi. Duka la kujichukulia lingemuuzia mama yule mbegu halisi, kwa bei halali na risiti safi, na msimu wake ungepotea.

Akafuata mzee mwenye kuku kumi na wawili. Kuku wa jirani walikuwa wakifa wakipinda shingo, na alitaka dawa. Mwenye duka alimweleza bila kumzungusha: hicho ni kideri, ugonjwa wa virusi, na kuku akishaupata hakuna dawa ya kumponya. Angeweza kumuuzia kiuavijasumu. Kilikuwepo, na mzee alikuwa tayari kulipa. Akamwambia pesa hiyo asiitupe, achanje walio wazima. Shida ni kwamba chanjo huja katika kichupa cha dozi mia moja, ikishachanganywa haikai zaidi ya saa chache, na mzee ana kuku kumi na wawili. Hapo mwenye duka akatoa daftari. Alikuwa na majina ya watu wa kijiji kile kile: huyu kuku tisa, yule ishirini, mwingine kumi na tano. Akaliongeza jina la mzee. "Tukifika themanini nawapigia simu nyote. Nakuja mwenyewe na kikasha cha barafu, tunaweka tone jichoni nyumba kwa nyumba."

Kile kichupa kimetengenezwa kwa mfugaji mkubwa. Mwenye duka, kwa kuwa anajua nani ana kuku wangapi na nani anakaa karibu na nani, amekigeuza kikawafaa wadogo. Kazi hiyo haijaandikwa kwenye pakiti wala kwenye risiti, wala hapati senti ya ziada kwa kuijua. Anauza kichupa kimoja. Nilipoondoka nilijiuliza ni kijiji kipi kingechanjwa kama daftari lile lisingekuwepo, na jibu lilikuwa jepesi mno.

Daftari jingine

Kuna daftari la pili ambalo karibu kila duka la mtaani linalo, nalo ni la madeni.

M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilibadilisha namna tunavyolipana, na Fuliza, mkopo wake wa papo hapo kwenye simu, ilipokuja mwaka 2019 ikabadilisha namna tunavyokopa unga wa jioni. Siwezi kuibeza Fuliza. Haikuaibishi mbele ya watu na haikuulizi mumeo yuko wapi. Inaangalia miamala yako na kukupimia kiasi. Tofauti yake na mwenye duka inaonekana hali inapobadilika. Chukua familia ya mvuvi wa omena. Kila mwaka uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili wapate kuzaliana. Simu inaona kwamba pesa zimeacha kuingia. Mwenye duka la Dunga, kando ya ziwa, anaona kitu hicho hicho, ila anajua ni kwa nini, na anajua ziwa litafunguliwa Agosti. Anaendelea kuandika: mafuta ya kupima, sukari robo, gorogoro moja ya mahindi. Anakopesha kwa kuangalia kalenda ya ziwa.

Na daftari hilo hilo ndilo linaloua maduka. Uchunguzi wa Shirika la Takwimu la Taifa wa mwaka 2016 ulihesabu biashara ndogo na za kati takribani milioni 7.4 nchini, na ukaonyesha kwamba nyingine zipatazo milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika miaka mitano. Zilikufa kwa sababu nyingi, lakini muulize yeyote aliyewahi kufunga duka na hatakawia kutaja waliokula na kuhama. Huruma isiyo na kipimo humaliza akiba, na duka likifungwa hata walipaji wazuri wanabaki bila mahali. Wenye maduka waliodumu ninaowajua wana kikomo kwa kila nyumba, na wanajua kukataa bila kumvunjia mtu heshima: "Maliza ile ya juzi kwanza, mama, halafu tuandike mpya."

Mtu mwenye haki atasema pia kwamba anayenunua mafuta ya kupima hulipa zaidi kwa lita moja kuliko anayebeba jerikeni kutoka duka la jumla. Ni kweli, na inauma, kwa sababu anayelipa zaidi ndiye mwenye kidogo. Sehemu ya ziada hiyo ni gharama ya kuhudumiwa saa nne usiku, hatua ishirini kutoka mlangoni, na mtu atakayekungoja hadi Ijumaa. Sehemu nyingine ni faida tu. Kila mtaa unajua ni duka gani limezidisha.

Lalamiko lina mlango

Jambo moja husahaulika. Mwaka 1970 mwanauchumi Albert Hirschman aliandika juu ya fumbo aliloliona nchini Nigeria: reli ilikuwa ikizidi kuharibika ingawa malori yalishindana nayo, na tulifundishwa kwamba ushindani hurekebisha. Alichoona ni kwamba wasafirishaji ambao wangepiga kelele kuliko wote ndio waliokuwa wa kwanza kuhamia malori. Reli ikabaki na wanyamavu. Kuondoka kimya ni rahisi kuliko kulalamika, na anayeachwa hapati hata nafasi ya kujua kosa lake.

Duka dogo lina bahati katika hili. Kinyozi akinikata vibaya mtoto wangu, nitakutana naye kesho kutwa kwenye steji ya bodaboda. Siwezi kutoweka, wala yeye. Nitamwambia, pengine kwa kuzunguka, pengine kwa kumtuma mtu mwingine aseme, na atarekebisha kabla shule hazijafunguliwa. Duka lisilonijua haliwezi kunipoteza, kwa kuwa halikujua kama liliwahi kuwa nami. Katiba yetu ya 2010, katika Ibara ya 46, inampa kila mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na naishukuru. Ila kwa samaki wa shilingi 600 hakuna atakayefungua kesi. Haki ya mtu mdogo kwenye ununuzi mdogo inalindwa kwa kiasi kikubwa na ukweli kwamba mtaonana tena.

Anayejulikana sana

Ningekuwa nadanganya kama ningeishia kwenye sifa, kwa sababu duka linalokujua linakujua kwelikweli.

Msichana anayehitaji kipimo cha mimba hataingia duka la dawa la mtaani kwake ambalo muuzaji anasali na mama yake. Atapanda tuktuk hadi mtaa mwingine atafute uso asioujua. Mgonjwa wa dawa za kila siku hufanya vivyo hivyo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazibana kampuni, lakini daftari la dukani na mdomo wa mwenye duka vinaongozwa na tabia yake peke yake. Ninaamini kunyamaza ni sehemu ya huduma yenyewe, na pengine iliyo ngumu zaidi. Mwenye duka anayejua kila nyumba inakula nini na hasemi anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa.

Halafu kuna mgeni. Nilipohamia Kisumu sikujua Kijaluo hata cha salamu, na kwa miezi kadhaa nilisikia bei ikipanda nilipofungua mdomo. Uhusiano unaompa kastoma bei nzuri unamnyima asiye kastoma, na hapo lugha na ukoo huingia bila kualikwa. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, maduka yaliporwa na kuchomwa Kisumu na Nakuru pia, na baadhi ya waliofanya hivyo waliyajua majina ya wenye maduka, na watoto wao. Kujuana hakukuwalinda. Silitaji jambo hili kwa wepesi. Familia yangu ina kumbukumbu zake. Nalitaja kwa sababu kujuana ni chombo, na mkono unaokishika ndio unaoamua. Lililonitoa mimi kwenye ugeni lilikuwa swali moja la mama samaki, mwezi wangu wa tatu mjini: "Wewe unatoka wapi?" Nilipojibu akanipa jina, nyar Nakuru, binti wa Nakuru. Kuanzia hapo nilikuwa na mahali pa kusimama.

Nakuru yenyewe inaniuliza swali la mwisho: je, huduma hii inaweza kukua? Mji wetu na viunga vyake ulizaa maduka makubwa ambayo nchi nzima iliyajua. Jina Nakumatt lilifupishwa kutoka Nakuru Mattresses, biashara ya magodoro. Naivas ilianzia Rongai mwaka 1990. Yalianza kama maduka ya familia. Yalipokua, mwenye duka hakuweza tena kuwa kaunta zote, na mahali pake pakaingia kanuni: siku saba za kurudisha bidhaa. Nakumatt ilianguka, Naivas ikaendelea kusimama, kwa sababu ambazo hazihusu makala hii. Kinachonihusu mimi ni kile kinachoweza kukabidhiwa na kile kisichoweza. Bei inakabidhika. Stoo inakabidhika. Kumjua mteja kunakabidhika pia, ila kwa mwendo wa polepole, mtu kwa mtu, mbele ya mteja mwenyewe, na pamoja nako lazima ikabidhiwe ruhusa ya kuamua. Mwajiriwa aliyeachiwa mamlaka ya kusamehe hata shilingi mia mbili bila kupiga simu tayari yuko karibu zaidi na yule fundi wa Kondele.

Mwezi uliopita mama samaki alikuwa akisafiri kwenda matanga Alego. Nilimkuta anamwonyesha binti yake meza, nani alipe kesho, nani asiandikiwe tena. Aliponiona akamvuta binti karibu. "Huyu ndiye nyar Nakuru," akamwambia. "Samaki wake mchagulie wewe. Na kama hakuna wazuri, mwambie arudi."